Anayepapasa miguu ya daraja

Saa mbili asubuhi, Kambare anavaa kofia ya kuzamia, anamkabidhi shemeji yake ncha ya kamba, kisha anashuka kwenye mto wenye rangi ya chai ya maziwa. Viputo vinafuatana juu ya maji. Yeye haonekani tena.

Huko chini haoni hata mkono wake, na taa haisaidii kitu. Anaipapasa nguzo ya daraja hadi kwenye unyayo wake, ajue kama bado imesimama juu ya kitu. Ajabu ni kwamba usalama wa maelfu ya watu unaanzia kwenye vidole vya mtu mmoja gizani.

"Watu hudhani madaraja huangushwa na malori," anasema mhandisi wa daraja hili, mwanamama mwenye sauti ya upole. "Mengi huanza kuliwa miguu. Maji yakiigonga nguzo hujizungusha kwa kasi, yakachimba udongo chini yake. Juu lami inang'aa, chini hakuna kitu."

Tena shimo hilo hujificha. Mafuriko yakipungua, mto hulijaza tope laini. Mzamiaji akikanyaga anahisi ardhi, anapanda juu na kusema mambo shwari. Kosa hilohilo ndilo lililoliangusha daraja la zamani, ambalo mabaki yake bado yanaonekana kule mto unakoelekea. Kambare alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji siku hiyo.

"Niliigusa nguzo imelala," anasimulia. "Haikuwa na ufa hata mmoja. Ilikosa pa kusimama tu."

Tangu hapo hashuki bila nondo. Anaichoma kwenye udongo. Ikigota, yeye na shemeji yake husema wamemkuta "mwenyeji", yaani ardhi ya tangu zamani. Ikizama, huyo ni "mgeni", tope la juzi.

Daraja limefungwa tangu mafuriko ya karibuni, na watu wamechoka kusubiri. Mbele kabisa ya kizuizi amesimama mke wa Kambare, begi mkononi. Binti yao yuko ng'ambo, na uchungu wa uzazi wake wa kwanza umeanza alfajiri. Kwa darajani ni mwendo mfupi tu. Kwa barabara ya kuzunguka ni kutwa nzima.

"Huyu akikawia zaidi nitamtegea ndoana," anatania shemeji, lakini macho yake hayatoki kwenye viputo.

Kambare anaibuka. Anamtazama mhandisi, si mkewe.

"Nguzo ya katikati, mgeni mtupu. Nondo imezama yote, mkono ukafuata."

"Umerudia?"

"Pande zote. Upande maji yanakotokea, mwenyeji hayupo kabisa."

Mhandisi anaamuru papo hapo: daraja libaki limefungwa, mawe makubwa yaletwe yashushwe kuizunguka nguzo. Watu wanaguna. Mmoja anapaza sauti kwamba mbona halijatikisika hata kidogo.

Mke anamsogelea mumewe. "Baba watoto, hata mtu mmoja kwa miguu? Mimi nina uzito gani?"

"Mama, nimepitisha mkono chini ya nguzo. Pako wazi."

"Basi mpigie mwanao. Umwambie wewe mwenyewe kwamba nachelewa." Anajitwika begi na kushika barabara ya kuzunguka.

Alipofika, mjukuu alikuwa ameshazaliwa, wa kike, mzima. Tangu siku hiyo hamlaumu mumewe, ila haachi kumtania. Akipigiwa simu ya pongezi hujibu, "Ahsante, mimi ndiye bibi mchelewaji, muulizeni babu kwa nini."

Mawe bado yanashushwa. Namuuliza Kambare kama haogopi kule chini.

"Naogopa sana," anajibu bila kuficha. "Lakini siku za kawaida, ukiishika nguzo, inanguruma kiganjani. Ni magari, ni watu, wote wale wanapita mkononi mwako na hawajui kama upo."

Atashuka mara moja tena kabla daraja halijafunguliwa. Akimkuta mwenyeji pande zote, binti yake ataleta mtoto hadi darajani, naye babu atakwenda kumpokea ng'ambo ya pili na kumvusha kwa mikono yake.

"Nataka avuke amelala," anasema. "Asijue hata kama kuna mto."