Nati ya Fundi Oswadi

Admin, nakuomba unifichie jina. Majina ya humu nimeyabadili mwenyewe. Najua wengine mtanitukana. Tukaneni, ila someni mpaka mwisho.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Sumbawanga, nina mume na watoto wakubwa. Kazi yangu ni kuchonga vyuma. Nina karakana yangu, na nimefundisha mabinti kadhaa ambao leo wanakula kwa jasho lao. Watu wananiita fundi, naitika, lakini moyo unanisuta.

Nilianza kazi miaka ile soko huria lilipopamba moto, mitumba inaingia kuanzia soksi mpaka mitambo. Tajiri wetu akaleta mashine ya kukerezea vyuma inayoendeshwa na kompyuta, iliyotumika huko Ulaya. Unaiandikia vipimo, inachonga yenyewe. Watu walitoka mpaka Namanyere kuja kuishangaa. Mimi ndiye niliyepelekwa Dar kujifunza, binti peke yangu kati ya wanaume, na niliporudi nilivimba kichwa, sifichi.

Kwenye mashine ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, alikuwapo Fundi Oswadi, mtu wa Mwimbi, mpole, mtu wa kanisani. Ndiye aliyenifundisha kushika tupa wakati wenzake wananicheka kwamba mwanamke na grisi wapi na wapi. Nilimwita baba, naye aliniita mwanangu.

Siku moja akaja mteja wa Laela, nitamwita Baba Shija. Alikuwa mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake, akauza baadhi na kufungua mashine ya kusaga nafaka. Alitaka shafti mpya, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na mkanda. Mimi nilipewa kukata thredi, yale meno ya skrubu mwishoni mwa shafti. Fundi Oswadi alipewa kuchonga nati ya kufunga hapo, ile inayozuia puli, gurudumu la mkanda, isichomoke.

Thredi haikatwi mara moja. Kisu kinapita, kinarudi, kinapita tena palepale, kila safari kinazama kidogo. Katikati ya kazi chuma kikaanza kulia, mlio mkali wa kuudhi. Nikapunguza mwendo. Chuoni tulikatazwa kabisa: ukigusa mwendo kabla thredi haijaisha, kisu hakirudi kwenye njia yake, kinakula ubavu wa meno. Nilijua hilo. Ila mteja alikuwa amesimama ananitazama, nami nikajifanya bingwa. Nilipopima, meno yalikuwa membamba. Nikayapaka grisi, nikanyamaza.

Fundi Oswadi akafunga nati yake, akaitikisa. "Mwanangu, mbona inacheza?"

Nikamjibu kwa sauti, mteja asikie: "Kompyuta haikosei, baba. Angalia nati yako."

Akaifungua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Labda ni macho yangu," akasema. Akataka achonge nyingine, tajiri akakataa kwa kuwa basi la Laela lilikuwa linakaribia kuondoka. Baba Shija akaondoka anatushukuru wote wawili.

Haukupita mwezi. Nati ilichomoka mashine ikiwa kwenye mwendo, puli ikaruka na kumpiga Baba Shija kifuani. Hakufika hospitali. Aliacha mke na watoto watatu. Shafti ilipoletwa, meno ya thredi yangu yalikuwa yamelika yote, hakuna cha kupima tena. Nati ilikuwa nzima. Tajiri hakutaka mashine yake mpya ichafuliwe jina, akasema mbele yetu sote: "Kompyuta haikosei. Ni nati ya mzee." Maneno yangu yaleyale! Fundi Oswadi hakubisha. Alivua ovaroli, akaomba apewe ile nati, akarudi Mwimbi kulima ulezi. Hakushika chuma tena.

Tangu siku hiyo sijakanyaga kwenye mashine ya kusaga. Mume wangu anadhani napenda unga wa pakiti kwa maringo. Ule mlio nausikia hata karakana ikiwa imefungwa. Nimeungama kwa padri, akaniambia niende nikamwambie mzee mwenyewe. Nikaenda Mwimbi mara nne, na mara zote nne nikaishia kumpelekea sukari.

Mwezi uliopita nilikwenda tena. Siku hizi haoni. Nilimkuta amekaa kibarazani, nati mkononi, anapitisha kidole ndani yake taratibu, duara baada ya duara.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, wewe una macho." Akanikabidhi nati. "Kila siku natafuta humu nilipokosea, sipapati. Hebu nitazamie."

Nikaitazama. Ni nati safi kuliko yoyote niliyowahi kuchonga maishani. Nikamwambia, "Hata mimi sipaoni, baba."

"Basi anajua Mungu," akasema, akanyoosha mkono nimrudishie.

Juzi binti yake amenipigia simu. Mzee anadhoofika na hataki kufa na huo mzigo. Jumamosi hii wanampeleka Laela kwa Mama Shija, apige magoti mbele yake na wanawe, aombe msamaha kwa kumuua baba yao. Ameomba nimsindikize mimi, kwa sababu nilikuwapo.

Nikisema, jina langu limekwisha, na mabinti niliowafundisha watachekwa kama nilivyochekwa mimi. Hilo nitalimeza. Ninachoogopa ni yeye, ajue kwamba yule anayemwita mwanawe ndiye aliyemharibia maisha. Naogopa moyo wake utasimama. Nikinyamaza, atapiga magoti kwa dhambi yangu huku nimemshika mkono. Nimwambie kabla ya safari, au niseme kulekule mbele ya wote? Nishaurini jamani, na msichelewe. Binti yake anasema mzee mikono inamtetemeka, hivyo ameagiza ile nati niibebe mimi.