Tanuri Nyuma ya Nyumba ya Fanueli

Kaka yangu Fanueli alikuwa fundi bati. Pale Mwanjelwa, enzi hizo soko likiwa vibanda vichache na tope jingi, alikuwa na meza yake, mkasi na nyundo mbili, akitengeneza koroboi, ndoo na vimwagilio vya bustani. Kabla ya hapo alifanya kazi Urambo, akiwatengenezea wakulima wa tumbaku mabomba ya mabani, yale majengo marefu ya kukaushia majani. Huko ndiko alikomwona Nyamizi. Alimwoa, na mwaka 1971 akamleta nyumbani kwetu Iganzo, chini ya mlima Loleza.

Wifi yangu alishuka kwenye basi mwezi wa Juni akiwa na gauni la mikono mifupi. Nilivua sweta langu palepale stendi nikamvika.

“Wifi Sekela,” aliniambia meno yakigongana, “hivi hapa watu wanaishi kweli?”

Tulicheka, lakini kipupwe chake cha kwanza hakikuwa cha kucheka. Sisi tulizoea kuwasha moto ndani na kuuzunguka, moshi ukitafuta njia yake kwenye paa. Nyamizi moshi ule ulimbana kifua. Alikaa ameinama, mikono juu ya magoti, pumzi ikipiga mluzi. Daktari alisema ni pumu, akamwonya Fanueli amwepushe na baridi, na amwepushe na moshi pia. Fanueli alirudi amechoka. Kwetu joto na moshi vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyejua namna ya kuvitenganisha.

Mwaka 1973, mvua zikielekea kwisha, kaka yake Nyamizi alikuja kututembelea. Huyo alikuwa Maganga, mfugaji aliyehama na ng’ombe wake kutoka kaskazini akakaa bonde la Usangu. Alifika na gunia la mchele na kandambili za matairi, akamkuta dada yake anakohoa. Hata chai hakuimaliza.

“Shemeji,” alimwambia Fanueli, “mimi sikuja kugombana. Lakini dada yangu anakwisha. Usangu kuna joto. Niruhusu nimchukue.”

Fanueli alimtazama mkewe. Nyamizi aliangalia chini.

“Niachie kipupwe hiki kimoja,” Fanueli alijibu. “Kikimshinda, nitamleta mwenyewe.”

“Mwezi wa saba nitakuja kuona,” Maganga alisema, akaaga.

Siku chache baadaye nilimkuta kaka yangu nyuma ya nyumba anachimba kwenye mteremko. Nikamuuliza anachimba choo kingine?

“Bani,” alisema bila kuinua kichwa. “Moto unakaa nje, ndani linapita bomba tu. Joto linabaki, moshi unatokea upande wa pili.”

“Kwa hiyo unataka kumkausha mwenzio kama tumbaku?”

Nyamizi, aliyekuwa anachambua mboga kizingitini, alicheka hadi akakohoa.

Fanueli alijenga tanuri kwa matofali ya kuchoma, akayashika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Mlango aliukata kwenye pipa la mafuta. Bati la kawaida halistahimili miali, kwa hiyo kipande cha kwanza cha bomba alikitengeneza pia kwa chuma cha pipa. Mbele zaidi ndipo akaweka bati. Hakutumia lehemu, maana ingeyeyuka. Alikunja kingo na kuzigonga mpaka zikashikana. Bomba lilipenya ukutani, likazunguka chumba cha kulala, likatokea ng’ambo na kupanda juu ya paa.

Tuliwasha mwezi wa tano, mchana. Haikuchukua muda chumba kikaanza kupata joto. Nyamizi aliweka kiganja karibu na bomba akatabasamu. Kisha bati likatanuka kwa moto, kiungo cha kwenye kona kikaachia, na moshi mweusi ukamwagika ndani. Tulimtoa wifi yangu tukiwa tumembeba.

Fanueli aliumwagia moto maji, akayang’oa mabomba yote na kuyatupa uani, kisha akakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza. Sijawahi kumwona vile. Nyamizi alikuwa ameegemea mgomba, bado anavuta pumzi kwa shida. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

“Urambo bomba likivuja mlikuwa mnafanyaje?”

“Tunakandika udongo kwenye kiungo,” alijibu.

“Basi, hili langu usikandike kiungo. Likandike lote. Lifukie.”

Fanueli aliinuka kwenda kuokota mabomba yake.

Safari hii aliyalaza sakafuni kando ya ukuta, akayazungushia matofali na kuyafunika kwa udongo mzito, mpaka pakawa na baraza refu ndani ya chumba, la kutosha kukalia watu wanne. Nyamizi alilipiga lipu kwa mikono yake, akalisugua kwa jiwe likang’aa. Joto lake lilikuja polepole. Ukiwasha tanuri mchana, baraza linashika alasiri, na asubuhi bado ni vuguvugu. Moshi haukuingia hata kidogo.

Sasa moshi unaotoka kila siku nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepika, utafikiriwa nini? Alasiri moja alikuja balozi wa nyumba kumi, Mzee Asukile, na mgambo wawili nyuma yake.

“Ndugu Fanueli,” alisema, “pipa, bomba, na moto uani. Sisi si watoto. Gongo iko wapi?”

“Tafuteni, mzee,” Fanueli alisema.

Walifungua mlango wa tanuri, wakaona kuni. Walizunguka nyumba, wakanusa bomba. Mwisho waliingia ndani, wakamkuta Nyamizi anapukuchua maharage.

“Karibu ukae, balozi,” akamwambia.

Mzee Asukile alikaa kwenye baraza, akaruka kama aliyeumwa na siafu. Alilipapasa kwa kiganja, akakaa tena taratibu. Mgambo wakaegemeza virungu vyao mlangoni na kusogea. Walikunywa chai mpaka giza likaanza kuingia, na wakati wa kuondoka balozi aliuliza kwa sauti ya chini kama kazi hiyo inaweza kufanyika kwa mtu mwingine.

Mwezi wa saba Maganga alirudi kama alivyoahidi. Asubuhi ile majani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Dada yake alimpokea ndani, miguu mitupu, hana hata kitenge mabegani. Maganga hakumsalimia kwanza. Alisikiliza pumzi yake. Akatoka kwenda kuinama mbele ya tanuri, akarudi, akavua koti.

“Shemeji,” alisema, “dada yangu umemletea Usangu humu ndani.”

Alilala palepale kwenye baraza siku mbili, akaondoka peke yake.

Tangu hapo tanuri likawa na desturi zake. Tulichoma kuni za miwati zilizokauka, maana karatusi mbichi huacha utomvu mweusi unaoziba bomba. Kila mvua zilipokwisha tulifungua ncha mbili za baraza, tukapitisha kamba iliyofungwa tawi katikati, Fanueli akivuta huku na mimi kule, tukatoka na masizi hadi kwenye kope. Nyufa tuliziziba kwa udongo wa kichuguu. Majivu Nyamizi aliyapeleka kwenye vitunguu vyake. Siku za baridi akina mama wa jirani walikuja kushonea kwenye baraza. Mtoto wao, Nkuba, alizaliwa katika chumba kile mwaka 1975.

Mwaka uliofuata Fanueli alikwenda Iringa kumjengea tanuri kama lile Kasian Kalinga, seremala wa Mlandege ambaye mama yake alikuwa na maumivu ya miguu. Akiwa huko, tanuri letu likagoma. Moshi ulirudi mdomoni mwa tanuri. Nilimsihi wifi amsubiri mumewe. Alijifunga kanga mbichi puani, akapanda ngazi, akachomoa kiota cha ndege kwenye bomba la juu. Kaka aliporudi, mkewe alimpokea kwa agizo: “Tengeneza kofia ya lile bomba.” Akatengeneza jioni hiyohiyo.

Wakati wa vita vya mwaka 1978 bati likaadimika kabisa, naye akaunga mabomba kwa madebe ya mafuta ya kula. Yaliungua haraka, akayabadilisha tena na tena.

Kaka yangu ametutoka siku nyingi. Nyamizi alimfuata Maganga Usangu, na mavuno yakiwa mazuri hunitumia mchele. Nyumba ina wapangaji wenye umeme. Baraza walilivunja ili kitanda kienee. Siwalaumu. Ila Juni ikifika, saa kumi jioni, huwa nalikumbuka shoka la Fanueli likipasua miwati, nami nikivuka ua na mshono wangu kwapani, akina mama wengine wameshatangulia barazani. Nyamizi anawasogeza, anapiga baraza kwa kiganja.

“Wifi, vua viatu, panda huku.”