Lenzi Isiyojilenga

Mpiga picha wa Garsen haondoi kidole gumba kwenye lenzi yake. Ni kuukuu, na akiinamisha kamera, bomba la lenzi hiyo huteleza lenyewe. Kamera ni ya kisasa, lakini lenzi hiyo ya chuma haijui kujilenga. Sharti mkono uizungushe. Basi huvuta jicho la mtu karibu mpaka lijae kiooni, huzungusha kushoto, kulia, kushoto kidogo, ndipo huirudisha lenzi nyuma na kupiga. Kisha huwaonyesha watu kioo cha kamera. "Imetulia?" huuliza, nao humsifu kwa unyenyekevu wake.

Siku ya harusi ya dada yake, Nuriya alisimama kando ya mpiga picha huyo mzee, roho mkononi. Bibi yao, aliyekataa kupigwa picha maisha yake yote, alikuwa amekubali moja tu, kwani kesho yake angepelekwa Mombasa kupasuliwa moyo. Mzee alipiga, akawaonyesha kioo.

"Imetulia?"

"Mashallah!" shangazi akajibu bila kutazama.

Nuriya alitazama. Ukuta ulionekana tofali kwa tofali. Uso wa bibi ulikuwa ukungu. Alipoinua macho, alimkuta mzee akimtazama yeye, akingoja, na akafahamu kwamba mzee haoni vizuri.

"Bado, baba," alinong'ona.

"Basi zungusha wewe, mimi nishike. Usiwaambie."

"Nilisema moja!" bibi akafoka. "Ama mwangoja niote meno?"

Nuriya akaizungusha lenzi kushoto, kulia, kushoto kidogo. Makunyanzi yakajitokeza, kisha macho, na ndani yake hofu ambayo bibi alikuwa ameifunika kwa ukali kutwa nzima.

"Sasa, baba," alisema, kabla bibi hajaificha tena.