Sanda ya Nailoni

Bibi yangu hajawahi kuliita asbesto. Kwake ni bati la simenti, na akilitaja hunyoosha shingo kidogo, kama anataja ukoo. Babu alilipandisha kwa mikono yake enzi ambazo nyumba nyingi za mtaa wetu, hapa Temeke, zilikuwa za makuti. "Mvua ikinyesha wenzetu wanahamisha vitanda," husema, "sie tunageukia upande wa pili tu."

Mie nimezaliwa chini ya bati hilo. Nilipoishia kidato cha pili nikajifunza kusuka, na nilikuwaga nasuka vichwa vya watu barazani huku macho yangu yako sebuleni: pale kioo kirefu, pale sinki la kuoshea nywele, juu dari jeupe lenye taa za mviringo. Saluni yangu ilikuwa imekamilika, imebaki kuwepo tu.

Kikwazo kilikuwa paa. Lilikuwa limepasuka, linavuja, na kingo zake zinamomonyoka unga wa kijivu ambao Bibi aliufagia kila asubuhi pamoja na majani. Mjomba anayeishi Kimara akatuletea mabati mapya, mekundu. Nikaita fundi. Akapanda ngazi, akagonga kwa kidole, akashuka.

"Sista, hili siligusi."

"Unaogopa kuanguka?"

"Naogopa kupumua."

Ndiyo mara ya kwanza nasikia neno asbesto. Vumbi lake, alisema, likishaingia kifuani halitoki. Linakaa kimya miaka na miaka, halafu ndiyo linaanza kazi.

Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, nao wakamleta bwana afya, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaa mkekani, akatupa masharti. Lisikatwe msumeno. Lisivunjwe, wala lisirushwe chini. Lilowanishwe kwanza ili vumbi lisipae. Walishushe mafundi waliosomea kazi hiyo, wenye barakoa zake. Likishuka lifungwe nailoni nzito mara mbili, liandikwe juu yake ni kitu gani, lisubiri gari lenye kibali lilipeleke kwenye shimo lililotengwa. Dampo la kawaida, marufuku. Kufukia uani, marufuku.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani linaoshwa, linavishwa sanda, linabebwa na watu maalumu. Mwanangu, na sala mnalisalia?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bwana afya naye akacheka. Bibi hakucheka.

"Na kaburi lake liko wapi?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Hapo ndipo penye ishu, bibi. Shimo bado linashughulikiwa. Ila kibali kitatoka."

Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu," akasema. Huniita hivyo kwa utani, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu. "Kwetu maiti haioshwi kama hujui unaipeleka wapi. Unanisikia?"

Nilimsikia, lakini kichwani mwangu mabati mekundu yalishapanda.

Mafundi wa bwana afya walikuja wanne, wamevaa meupe kuanzia utosini hadi miguuni, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. "Nyie, hapo kuna harusi au msiba?" mmoja akapiga kelele, watu wakavunjika mbavu. Mafundi wakaendelea na kazi. Walinyunyiza maji, wakalegeza misumari, wakashusha bati mojamoja kama wanashusha mgonjwa. Wakayafunga nailoni, wakayalaza kwenye uchochoro ulio kati yetu na jirani, unaoelekea chooni. Kesho yake yule fundi wa kwanza akapandisha mabati mekundu.

Niliomba kuandika mimi, maana mwandiko wangu ni mzuri. Nilifanya kwanza mazoezi kwenye daftari, nisije nikalikosea neno lenyewe, kisha nikaandika kwa rangi nyekundu: ASBESTO. HATARI. USIFUNGUE. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama kazi yangu. Ilipendeza.

Gari halikuja wiki ile. Wala mwezi ule. Kila Jumatatu nilikwenda ofisini, na kila Jumatatu niliambiwa kibali kinafuatiliwa. Bwana afya akahamishwa. Aliyempokea alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akafungua kabati, akafunga kabati. "Dada yangu, nakuelewa kabisa," akasema. Nikarudi nyumbani nimeeleweka.

Kwa jirani kuna mama anayeuza mkaa, na ana binti wa miaka mitano ambaye kila siku huja barazani kwangu nimsukie mwanasesere wake. Nilimkataza kucheza uchochoroni. "Mle mna nyoka," nilimwambia. Ukweli ulikuwa mrefu mno kwa umri wake.

Halafu masika ikaingia na uchochoro ukawa mfereji. Asubuhi moja Bibi aliteleza akienda chooni. Hakuvunjika, ila nyonga ilimuuma siku nzima, na mtaa wote ukaja kumpa pole. Kesho yake nilikwenda Buguruni kununua rasta za wateja. Niliporudi nilisikia nyundo.

Mama muuza mkaa alikuwa amechuchumaa uchochoroni, kanga kaifunga kiunoni, anavunja. Nailoni yetu ilikuwa imeshafunika magunia yake ya mkaa. Kutoka mlango wetu wa nyuma hadi chooni palikuwa na njia ya vipande vya kijivu, vimepangwa na kusawazishwa vizuri.

"Karibu mwanangu! Nimemtengenezea Bibi njia, asianguke tena. Dar nzima watu wanaandika kifusi kinatakiwa, nyie mmekikalia!"

"Mama, hukusoma pale juu?"

"Nimesoma, kwani mie sijasoma? Asbesto. Nikasema hiki nini, dawa ya mende? Nimefungua pua nimeziba kabisa. Kumbe bati la simenti tu! Nimecheka peke yangu."

Nyusi zake zilikuwa za kijivu.

Pale nikaelewa nilichofanya. Mtaa wetu hakuna asiyelijua bati la simenti, na hakuna aliyewahi kusikia asbesto. Niliandika neno la bwana afya, na bwana afya ndiye mtu pekee ambaye hakuhitaji kuonywa.

Nilimweleza polepole. Aliendelea kushika nyundo. "Mbona bibi yako amelala chini yake miaka yote hii?" akauliza. "Sasa nifanyeje?" Nilileta ndoo ya maji nikamwomba anawe uso, halafu nikayamwagia maji yale mabati, kwa sababu sharti la maji ndilo pekee nililoweza kulitimiza.

Tuliokota vilivyookoteka, vikiwa vimelowa, mimi na yeye, kanga zimetuziba pua. Tukavifunga upya. Bibi alikaa mlangoni akanitajia cha kuandika: "Bati la simenti. Vumbi lake linaua. Weka hivyohivyo." Vilivyokanyagwa vikazama kwenye tope vimebaki humo mpaka leo. Ofisini nilipoeleza waliniambia tusiguse tena, tusubiri.

Kwa hiyo nasubiri. Siku za jua, kabla watoto hawajaamka, namwagilia uchochoro kama wengine wanavyomwagilia mchicha. Bibi akinisikia na ndoo huuliza kutoka kitandani, "Maiti yetu imeamkaje?" Nacheka, maana yeye amefanya utani ili nicheke.

Wiki iliyopita nilikuwa barazani na kichwa cha mteja kimefika nusu. Binti wa jirani akaja akanivuta gauni. "Dada, njoo uone." Kwenye ukuta wao alikuwa amechora nyumba: mlango, madirisha mawili, paa lenye mawimbi, na mwanamke amesimama nywele zimetoka pande zote.

"Hii saluni yako," akasema.

Mistari ilikuwa myeupe ya kijivu, minene, mizuri kabisa.

"Umechorea nini?"

"Chaki."

"Umeitoa wapi?"

Akaonyesha uchochoro kwa kidevu. "Nyoka hakuwepo."

Nikanyoosha mkono. "Nipe hiyo chaki, mama. Nipe yote."

Akafungua kiganja. Kilikuwa cheupe mpaka kwenye mikunjo ya vidole.

"Imeisha," akasema.