Jumamosi natakiwa kumpeleka sinagogi, na miguu yangu inakataa

Admin, shikamoo. Naomba ufiche jina langu kabisa, maana watu wa kanisa letu ni wengi kwenye hii page. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkongomani wa Kivu Kusini, kule milimani. Naishi Whitehall, hapa Columbus, Amerika, na mume wangu na watoto. Yeye anafanya kazi warehouse, mimi natunza wazee majumbani.

Mzee wangu ni mama Myahudi, ameshapita miaka themanini na miguu yake haina nguvu. Nitamwita Mama Miriam, ingawa si jina lake. Kumtunza yeye ni kama kuajiriwa na sinagogi lake, kwa sababu maisha yake yote yako kule. Jumanne anasoma Torati na wamama wenzake, wanabishana juu ya mstari mmoja mpaka chai inapoa. Alhamisi tunaingia jikoni kwao kumenya viazi na kukata vitunguu vya chakula cha Sabato. Ijumaa, jua likikaribia kuzama, anawasha mishumaa, anafunika macho kwa viganja na kuomba. Jumamosi namsukuma kwenye kiti chake mpaka ibadani. Wakilizungusha gombo la Torati, namsogeza pembeni ya njia ili naye aliguse.

Mwanzoni nilikuwa mgeni kweli. Siku moja nilichovya kijiko cha maziwa kwenye sufuria ya nyama, kumbe kwao hivyo vitu havikutani. Wamama walipiga kelele, halafu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Leo wananijua kwa jina na wanauliza hali ya watoto wangu.

Bon, mwezi uliopita tulikuwa jikoni Alhamisi kama kawaida. Karani wa ofisi akaingia, uso umempauka.

"Kuna mtu amepiga simu," alisema. "Anasema ameweka bomu humu ndani. Tokeni wote, sasa hivi!"

Nilishindwa hata kuweka kisu chini. Mama Miriam ndiye aliyenishtua. "Zima jiko kwanza," akaniambia, "halafu unisukume."

Kwenye korido tulikutana na watoto wa chekechea yao. Walikuwa wameshikilia kamba moja ndefu, na mwalimu wao alikuwa anawaimbia huku sauti inamkatika. Tulisimama nje kwenye theluji na aproni zetu, tunanuka vitunguu. Polisi waliingia na mbwa. Nilimfunika Mama Miriam sweta langu, na sikusikia baridi. Kimawazo nilikuwa nimerudi kwetu.

Ndugu zangu, kule milimani watu wenye bunduki walituvamia tukiwa ibadani. Tulikuwa tunaimba. Watu waligombania mlango, na dada yangu mkubwa hakutoka. Mpaka leo, hata katika kanisa letu hapa, nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kwaya ikipandisha sauti, mimi naangalia dirisha.

Polisi hawakukuta kitu. Wale wamama wakarudi ndani kumalizia viazi, mimi nikabaki kwenye kizingiti. Jumamosi yake tulikuta polisi mlangoni na bunduki. Najua amewekwa kutulinda, lakini mwili wangu haujui. Nilimsukuma Mama Miriam mpaka ndani, nikakaa ibada nzima nimeng'ang'ania mikono ya kile kiti. Shati langu lililowa jasho wakati nje kila kitu kimeganda.

Juzi wamepigiwa simu tena. Safari hii nilipofika nyumbani sikuweza kuficha. Mume wangu alisikiliza, akasukuma sahani yake.

"Mama watoto, ile kazi uiache," alisema. "Tulikimbia masasi kule, sasa weye unaenda kuyangojea mlangoni kwa watu? Hiyo vita si yetu."

"Na Mama Miriam atapelekwa na nani?"

"Ana watu wake. Mimi sina mke mwingine."

Binti yetu wa miaka kumi na mitano alikuwa anaosha vyombo. Kwa kawaida anatujibu Kiingereza tu, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Papa, donc sisi pia tutaacha kanisa?"

"Kanisa letu ni tofauti," baba yake alijibu. "Sisi hapa hakuna anayetu..."

Hakumaliza. Alinitazama mimi, akainuka, akaenda kusimama dirishani.

Jana nilimweleza Mama Miriam ukweli wote, pamoja na habari za dada yangu, ambazo sijawahi kumwambia mtu yeyote Amerika. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

"Mimi pia naogopa," alisema. "Kila Jumamosi naogopa. Ukiacha, sitakulaumu, na nitakuombea. Lakini Jumamosi hii ni kumbukumbu ya kifo cha mume wangu. Jina lake litatajwa mbele ya watu, na ninataka niwepo."

Wakala anayenipangia kazi amesema hana mtu mwingine wa Jumamosi. Mtoto wa kiume wa Mama Miriam anaishi mbali, Buffalo, naye amemwambia abaki nyumbani mpaka mambo yatulie. Mama amekataa.

Leo ni Alhamisi. Tumemenya viazi, na kila simu ya ofisi ilipolia nilihesabu watu waliokuwa kati yangu na mlango. Mume wangu hajanikataza tena, lakini hanitazami usoni. Nikimwacha huyu mama, naona nimewasaidia wale wanaopiga simu. Nikienda, na kitu kikatokea kweli, watoto wangu watabaki na nani? Ninyi mliokimbia kama mimi, mnajua woga huu unakaa wapi mwilini. Mnisaidie mawazo kabla ya Jumamosi asubuhi: nimpeleke, au nimwambie siwezi?