Nyonga ya Mama Ilivyopimwa

Mama yangu aliwekewa nyonga ya bandia mwaka niliooa. Ni kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Daktari alimkataza kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito, akamtaka arudi baada ya miaka kadhaa, apigwe picha ionekane plastiki imelika kiasi gani. Mama aliitikia yote. Tuliporudi kijijini Nyabusozi alitembelea magongo miezi miwili hivi, kisha siku moja nikamkuta kwenye maharage, jembe mkononi.

Miaka minane baadaye nilimrudisha hospitalini Mwanza. Tulipofika getini akasema, "Usimwambie daktari habari za jembe."

"Sitasema."

"Wala za harusi ya mdogo wako."

Kwenye harusi hiyo alicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji.

Safari hii tulimkuta daktari mwingine, mwanamke kijana. Alimwamkia mama shikamoo hata kabla ya kufungua faili. Akaweka kwenye kompyuta picha mbili, ya baada ya upasuaji na ya asubuhi ile. Akachora duara kuzunguka kichwa cha chuma na jingine kuzunguka kikombe, akatueleza kwamba plastiki ikilika, kichwa husogea juu, na vitovu vya maduara hayo huachana. Akapima picha ya zamani, akapima mpya. Halafu akarudia kupima.

Mama akanishika mkono. "Mwambie ni jembe," akaninong'oneza kwa Kisubi, lugha ya kwetu. "Kosa ni langu."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Nikatafsiri la kosa, la jembe nikaliacha. Daktari akacheka, akatugeuzia kioo. "Mama, imelika chini ya nusu milimita. Kwa miaka minane hiyo ni kidogo sana. Unakula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Anayelima ni nani?"

"Mimi," mama akajibu, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

"Basi lima kidogo kidogo. Kuchuchumaa bado nakukataza."

"Na kucheza?"

"Cheza, mama, ila usiruke."

Safari ya kurudi tulipitia Nyakanazi, tukashuka kula. Mama alimweleza mama lishe, kisha dereva wa lori aliyeketi jirani, kwamba amelika chini ya nusu milimita, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Dereva hakuelewa, lakini alimpa hongera. Mama akashukuru, akaagiza sahani ya pili.