Mathenge ya Upande wa Kaka

Baba alipofariki, shamba letu la kuelekea Kipsing liligawanywa sehemu mbili. Mimi na mama tukabaki upande wenye nyumba. Kaka yangu mkubwa akachukua upande wa pili, akarudi mjini, mtaa wa Wabera, kwenye biashara yake ya lori, na mathenge, ule mti wa miiba unaosambaa upesi, ikaanza kuota.

Baada ya mvua, kichaka chake kilifunga kabisa, na nyasi za chini zilipokauka zilinifika kiunoni. Upande wangu niliufyeka mwenyewe. Mwiba wa mathenge ukikudunga, mahali hapo panavimba; wiki nzima sikuweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Nikikata kichaka kimoja kwa panga, nilikuwa naona kile chake, hatua chache tu kutoka jikoni kwa mama.

Nilimpigia simu. "Kaka, njoo ukate hata sehemu ndogo karibu na nyumba."

"Shughulika na kwako," akasema. "Hiyo sehemu nangojea mnunuzi. Atafyeka mwenyewe."

"Na moto ukija kabla yake?"

"Wewe dada unapenda kuogopa."

Moto ulikuja mchana, upepo ukiwa mkali. Mtu alikuwa anarina asali humo kichakani, akaangusha mwenge, akatoroka. Nilimtoa mama, ambaye hatembei bila fimbo, nikamkalisha barabarani. Majirani walipiga moto kwa matawi mabichi na mchanga. Nyumba ilipona kwa sababu ya pale nilipofyeka. Jiko liliungua, pamoja na zizi na mbuzi watatu wenye mimba ambao sikupata muda wa kuwafungulia. Niliwasikia wakilia.

Kaka alifika siku ya pili. "Salaam aleikum." Mama aliitikia. Mimi niliendelea kuzoa makaa ya zizi.

Akatazama majivu. "Ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakukataa kushika panga," nikamwambia. "Ni wewe ulikataa."

Mama akaniambia nimheshimu mkubwa wangu. Hilo liliniuma kuliko miiba.

Wiki hiyo niliingia kwenye ardhi yake na majirani wawili, wanawake, tukakata yote iliyobaki, visiki tukang'oa. Kaka alipiga simu akisema nimevamia mali yake. Nikamwambia alete polisi. Hajaleta mpaka leo, na kumsamehe bado sijamsamehe. Mathenge inachipua tena pale, na kila mwezi naenda kuikata bila kumuuliza.